Kizimba cha Kobe wa Dada Zuhura

Mjukuu wangu Salma,

Natumaini hamjambo huko Dodoma. Sie hapa Temeke wazima, goti langu limetulia, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike.

Umeniuliza utengenezeje kizimba cha kobe wako. Nilipokuwa na umri kama wako, dada yangu Zuhura aliolewa Tanga, akaniachia kobe wake mpaka atakapokuja kumchukua. Nikagongomea mbao nne bila sakafu, nyepesi, ili nikisogeze kila majani yanapoisha. Juu nikaacha wazi nipate kumwona vizuri.

Asubuhi moja nikamwacha uani, nikaenda sokoni. Niliporudi jua lilikuwa la utosi. Kobe alikuwa amejaribu kupanda kona ya kizimba, akaanguka chali, na miguu ilikuwa imelegea. Nikamkimbiza kivulini huku nalia. Jirani yetu, Bi Mwanaidi, akamnyunyizia maji.

"Tulia, mwanangu," akaniambia. "Mpe muda."

Tukakaa naye chini kwa muda mrefu. Mwishowe akatoa kichwa, akafumbua jicho moja. Nilicheka na machozi bado yananitoka.

Siku ileile nikafunika nusu ya kizimba kwa ubao, na kila kona nikaiziba asiweze kupanda. Kumbe kile cha kwanza nilijitengenezea mimi wa kutazama, si yeye wa kukaa.

Zuhura alipokuja nilimweleza yote, nikingoja anigombeze. Alikizunguka kizimba, akakishika huku na huku.

"Huyu abaki na wewe," akasema.

Msalimie baba yako.

Bibi yako akupendaye