Bei ya Kukatalia

Kichangani, Morogoro
9 Novemba 2005

Mdogo wangu mpendwa Yuliana,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na wote mlio pamoja hapo Matombo. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia, na kwamba mvua za wiki iliyopita hazikuangusha migomba yako ya juu kule mteremkoni. Mimi nikisema ni mzima utajua nakudanganya. Daktari ameniambia moyo umechoka, na alisema hivyo kwa upole wa mtu asiyetaka kuulizwa swali la pili. Naandika mistari michache asubuhi, michache alasiri, kwa hiyo usishangae ukiona mwandiko unapanda na kushuka.

Kwanza nakushukuru. Kila mzigo wako unaoshuka na gari la Matombo naufungua mwenyewe, ingawa vidole vinakataa. Mdalasini wa mwezi uliopita bado unanukia humu chumbani. Namshukuru Mungu kwa kunipa dada asiyechoka, na namshukuru pia kwa huyu ninayetaka kukuandikia habari zake. Nina ombi moja tu, dada yangu, na sidhani nitapata nafasi ya kukuomba lingine. Naomba umpokee Laurenti nyumbani kwako kama mkwe.

Najua utataka kuikunja barua hapa hapa. Nakumbuka ulichosema alipomwoa Faraja, kwamba Faraja ni mwanao na mlango ni wake, ila mwizi wa cherehani ya mama hatakanyaga ukumbini kwako ukiwa hai. Hujarudi nyuma tangu siku ile. Mjukuu wako Jesca ameanza kutembea, na hajawahi kukaa mapajani pako, kwa kuwa Faraja haji bila mumewe. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka 2002. Nimestaafu, kiwanda cha jirani kimefungwa, mjini kila mtu amekuwa mfanyabiashara, na mimi nimekaa na magazeti ya jana. Faraja alikuwa ameajiriwa kwenye duka la intaneti karibu na stendi. Siku moja aliniita akaniambia, Mjomba, njoo uone mnada usio na kelele. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli, watu wa dunia nzima walikuwa wakigombea vitu vilivyotumika: saa za ukutani, kamera, birika zilizotoboka. Nilipoona pasi ya mkaa kama ile tuliyoitupa nyuma ya banda, na mtu wa Kanada anaitaka kwa bidii, niliondoka mbio kwenda kuitafuta.

Nilikuhadithia ulipokuja, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa kanga. Ukasema wazungu wametuletea nguo walizochoka nazo, nawe kaka unawapelekea pasi uliyochoka nayo, ngoma droo.

Ilikuwa kazi yenye adabu zake, na sikuzijua. Mteja wangu wa kwanza, bwana mmoja wa Uingereza, aliuliza kuhusu saa. Nilimjibu kama nilivyolelewa. Nikamsalimu, nikamuulizia afya yake, mkewe na watoto kama wapo, nikamweleza hali ya mvua huku kwetu, na ukurasa wa pili ndipo nikaifikia saa. Alijibu kwa mstari mmoja: je, inatembea? Faraja alicheka wiki nzima. Akanifundisha kwamba watu wale wanataka kasoro itajwe kwanza, picha ionyeshe ufa, na gharama ya posta, kwa meli au kwa ndege, ijulikane kabla hawajataja bei. Nikajifunza kujibu siku ile ile, kujaza fomu ya forodha bila kupunguza ukweli, na kutofunga mzigo kabla malipo hayajafika. Malipo yalipitia kwa Severin, mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Uholanzi, Mungu ambariki. Masanduku aliyatengeneza Laurenti, aliyekuwa na kibanda chake cha useremala mbele ya nyumba yangu. Na vifuniko vya kitambaa cha marekani vya kuvisha yale masanduku nilivishona kwa cherehani ya mama.

Cherehani ile ilikuwa yako. Mama alikukabidhi mbele ya wajomba, kwa kuwa kwetu vya mama huenda kwa binti. Uliiacha kwangu pale mitumba ilipoua ushonaji, ukaniambia niitunze mpaka utakapoihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kila mzigo ulipofika, mnunuzi aliandika alama yake palipo na jina langu, na kila mtu aliweza kuiona. Nzuri ilikuwa ya kijani, mbaya nyekundu. Mimi nilikuwa na thelathini na moja, zote kijani. Nilikuwa nakwenda dukani kuzitazama hata siku ambayo sina cha kuuza, na Faraja alikuwa akiniuliza kama zimezaa.

Ndipo akaja Mama Birgit wa Denmaki. Alinunua kamera, na kwenye picha akaona nimeiweka juu ya cherehani. Katika wateja wote, huyu peke yake ndiye aliyejibu salamu zangu. Aliniambia habari za goti lake, za mumewe aliyefariki, za theluji iliyomzuia kwenda kanisani. Tukaandikiana miezi miwili. Kisha akaniomba ile cherehani. Akasema mama yake alikuwa na kama hiyo, na kama niko tayari niiweke mnadani kwa bei ya kununua moja kwa moja.

Unajua sisi tunavyokataa kuuza, Yuliana. Mtu akipenda kitu usichotaka kukitoa, humwambii hapana usoni, hasa aliyekuulizia afya. Unamtajia bei ya kuchekesha, anacheka, nawe unacheka, mazungumzo yanaendelea. Basi nami nilifanya hivyo. Niliiweka kwa bei ambayo ingenunua cherehani tatu mpya, nikarudi nyumbani nikingoja tucheke pamoja.

Mama Birgit hakucheka. Alinishukuru kwa kutaja bei iliyo wazi, na malipo yalikuwa yameshafika kwa Severin.

Bado ningeweza kurudi nyuma. Severin aliniandikia kwamba mama yule ni mwelewa, nimweleze tu ukweli, arudishiwe chake, na likitokea baya kabisa atanipa alama nyekundu. Alama nyekundu! Nilifundisha miaka thelathini na minne, nikawatia watoto wa watu alama hizo bila kupepesa macho, na uzeeni nikashindwa kuipokea moja. Sikuwa na njaa, wala sikuwa na deni. Niliiuza cherehani ya mama yetu ili jina langu libaki kijani mbele ya watu nisiowajua.

Laurenti ndiye aliyeitengenezea sanduku. Aliniuliza kama nimekubaliana na wewe, nikamwambia ndiyo.

Miezi mitatu baadaye ulipata kazi ya kushona sare za shule ya misheni, ukaja kuichukua. Nilikuambia nimeamka siku moja sikuiona. Ukaniuliza nani huingia humu ndani. Nikakujibu kwamba anayeingia na kutoka ni yule seremala tu. Sikusema zaidi ya hapo, na siku nyingi nilijidanganya kwamba sikumtaja mtu kwa wizi. Wewe ulitoka ukamkabili kibandani mwake mbele ya wateja. Ukamwita mwizi, ukamwambia mikono yake ingefaa kukatwa, si kushika randa. Aliacha randa, akasema, mama, mimi sijachukua. Halafu akanitazama. Mimi nikatazama chini. Hakusema neno lingine.

Kesho yake alikuja na sanduku nililokuwa nimemwagiza, akaliweka barazani, akanipa shikamoo kama kawaida. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Nilimuuliza mwaka huu, akiwa ameniegemeza begani kunipeleka juani, kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba wakati ule alikuwa ameshampenda Faraja, na kijana hawezi kumwaibisha mjomba mbele ya dada yake kisha akamwomba huyo huyo mjomba amsimamie posa. Nikamwambia hilo ni la wakati ule, mbona amenyamaza mpaka leo? Akasema amezoea kuitwa mwizi na mtu asiyemfahamu, lakini alidhani mimi nisingezoea kuitwa mwongo na dada yangu. Kisha akaniuliza kama jua limenitosha.

Huyo ndiye mkwe wako, Yuliana. Ndiye anayeniogesha. Ndiye anayenikata kucha. Namalizia maisha yangu mikononi mwa mtu niliyemharibia jina, na sijawahi kutunzwa vizuri hivi. Kwa hilo nina shukrani nisiyojua pa kuiweka.

Faraja nilimweleza juzi. Alikwenda jikoni, akarudi na uji wangu. Akasema, Mjomba, mwandikie mama wewe mwenyewe, nami sitakuandikia hata herufi.

Nakuomba msamaha, mdogo wangu. Cherehani iko Denmaki na haitarudi. Mama Birgit alinijulisha kwamba mjukuu wake anajifunzia kushona. Nikasirikie kadiri upendavyo, ninastahili, wala usiharakishe kunisamehe kwa sababu ninakufa. Lakini Laurenti hastahili kungoja hasira yako kwangu iishe.

Barua hii sikuitia posta. Yeye ndiye aliyekukabidhi, na hajui kilichomo. Nimemwambia asirudi bila jibu. Kama ninamfahamu, amekupa bahasha akarudi nyuma mpaka njiani, kwa kuwa hajakaribishwa, na amesimama huko sasa hivi kwenye tope wakati wewe unasoma. Sihitaji jibu la maandishi. Toka nje, umwite ndani kwa jina lake.

Wasalimie wote wa ukoo, na wanaparokia wanaoniombea. Ninakukumbuka katika kila sala niliyobakiwa nayo.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukushukuru na kukukosea,

Ignas