Ng'ombe wa Zizi la Felista

Mtinko, 2 Juni 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo, ila Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la kupepeta uwele. Mguu unaendeleaje? Kefa, anayepeleka samli huko mjini na kutubebea barua, alituambia wameufunga plasta hadi pajani, na kwamba baiskeli yenyewe imepinda gurudumu moja tu, kwa hiyo wewe ndiye uliyevunjika zaidi. Tulicheka, Mama akatukataza.

Baba Mdogo Simeoni anakushikia kazi yako ya jumbe wa kijiji. Wiki iliyopita ililetwa barua kutoka boma. Kila mtu mwenye ng'ombe zaidi ya kumi, katika kila wanne atoe mmoja apelekwe mnadani, kwa kuwa serikali inasema malisho yamechoka. Baba Mdogo hajui kusoma, hivyo kazi ya kuandika nimepewa mimi. Nimezunguka mazizi yote kwa siku nne. Unaijua sauti yangu ilivyo ndogo. Mzee Samweli aliniuliza, "Wewe ni karani au kifaranga?" Nikahesabu ng'ombe wake nikiwa nimeinama.

Kwetu nimeandika tisa, kwa hiyo hatutoi. Zizi lililonishangaza ni la mama Felista. Nimehesabu kumi na wawili, naye ni mjane ambaye kanga yake ina viraka. Atatoa watatu. Orodha itasomwa barazani Alhamisi tarehe 26, na Bwana Mifugo atakuwepo.

Shuleni, kabla hatujamaliza, mwalimu alitutaka tuandike kiongozi mwema ni mtu wa namna gani. Niliandika habari zako, kwamba siku ya kufyeka pori la mbung'o wewe ndiye wa kwanza kushika panga. Sikukuambia kwa aibu. Kwa barua ni rahisi.

Mwanao,
Raheli


Hospitali, Singida, 7 Juni 1952

Mwanangu Raheli,

Marahaba. Mimi naendelea, ila plasta inawasha. Najikuna kwa spoki ya baiskeli, nesi akiniona ananigombeza kama mtoto. Mwambie Mama yako achemshe majani ya mpera kwa kikohozi.

Kazi ya orodha umeifanya vizuri. Iache kama ilivyo. Usimwulize Felista wala mtu mwingine habari za ng'ombe. Ng'ombe wa watu hawaulizwi.

Kwa hayo uliyoyaandika juu yangu, mwalimu alikupa alama ngapi?

Baba yako,
Naftali


Mtinko, 12 Juni 1952

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama amepata nafuu. Mwalimu alinipa alama saba katika kumi.

Baba, nisamehe, nimeuliza. Jumanne Mama alinituma kuazima ungo kwa mama Felista. Ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, nikawaangalia vizuri, maana siku ya kuhesabu nilikuwa naangalia miguu tu. Tisa wamekatwa ncha ya sikio la kushoto, kama wetu. Nikamwuliza, "Mama, hawa ni wa nani?"

"Ni wa hapa wanapolala."

"Na siku ya mnada utatoa wepi?"

"Hao watatu wangu. Wa mtu sitoi, hata kwato."

"Lakini utabaki bila hata mmoja."

"Nitabaki na mdomo wangu," akasema, akanikabidhi ungo. "Na wewe ufunge wako. Umesoma, binti, lakini hujafundwa."

Njiani nilielewa. Aliyewekewa ng'ombe hamtaji mwenyewe, na aliyeweka hajitaji. Watu wazima wote hapa wanajua hivyo, mimi niliyekuwa bwenini miaka mitatu sikujua. Nimehesabu ng'ombe wanapolala badala ya kuhesabu ni wa nani, na kosa langu litamwondolea mjane ng'ombe wake wote. Wako ni kumi na wanane, Baba. Unapaswa kutoa wanne, yeye asitoe hata mmoja.

Siku bado zipo. Neno moja lako kwa Baba Mdogo linatosha.

Mwanao,
Raheli


Hospitali, Singida, 17 Juni 1952

Raheli,

Umeweka kwenye karatasi jambo ambalo babu yako hakulitamka hata mbele ya mkewe. Barua yako nimeichoma.

Sikiliza. Felista alipofiwa na mume, watoto wake watatu walikuwa wanavimba miguu kwa njaa. Nani alimpelekea ng'ombe? Si serikali. Miaka sita sasa wanakunywa maziwa, na samadi imelifufua shamba lake. Huo si uongozi? Au uongozi ni kushika panga tu?

Wakisikia ninao kumi na wanane, watasema jumbe anatuhesabia wetu na wake anawaficha. Boma watanivua, watamweka Leonidas. Mkono wa Leonidas unaujua, na fimbo yake unaijua. Watu wote hao wapoteze msemaji wao kwa ajili ya ng'ombe watatu? Nikirudi nitamfidia Felista, kimya kimya, kama ilivyo desturi, naye anajua hivyo.

Usiiguse orodha. Hili si ombi.

Baba yako,
Naftali


Mtinko, 27 Juni 1952

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia. Naomba mguu uwe unapona.

Niliandika orodha ya pili. Jana nilikwenda barazani nikiwa nazo zote mbili ndani ya daftari, na mpaka nilipoitwa sikuwa nimejua nitasoma ipi. Baba Mdogo aliniambia, "Soma, mwanangu, na utoe sauti." Nilianza na wengine. Mzee Samweli aliposikia atatoa wawili, aliinamisha kichwa, akasema, "Haya." Hakuna aliyemwahidi Mzee Samweli kumfidia kimya kimya. Baada yake lilifuata jina lako. Nikasoma, "Jumbe Naftali, kumi na wanane. Nyumbani tisa, kwa Felista tisa."

Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe kifaranga kina mdomo." Hawakucheka. Bwana Mifugo alinitaka nirudie, nikarudia. Baba Mdogo alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Leonidas peke yake ndiye aliyetabasamu.

Mama Felista aliondoka kabla sijamaliza. Jioni alikuja na watoto wake wakiwaswaga wale tisa, akawaingiza kwetu. Nilimfuata langoni nikamwambia ng'ombe wake watatu wamepona.

"Na maziwa?" akaniuliza. "Wangu mmoja ni dume, wawili wamekauka. Hilo ulilihesabu?"

Nikamwomba awarudishe kwake. Akasema, "Ng'ombe aliyetajwa barazani halali kwangu. Watu waseme nini, kwamba nilimchongea jumbe aliyenilisha?"

Leo asubuhi Mama amekamua, vibuyu vimejaa, na kati yetu hakuna aliyetaka kuonja. Hanisemeshi. Nilidhani kiongozi mwema ni yule asiyeficha. Mimi sikuficha, na watoto watatu wamelala bila maziwa. Wewe ulificha, nao walikunywa miaka sita. Hata hivyo, nikiiangalia tena ile orodha ya kwanza, siwezi kuisoma.

Ukitaka niondoke, mwambie Kefa tu. Nitakwenda kwa shangazi, kule Mwankoko.

Raheli


Hospitali, Singida, 2 Julai 1952

Raheli,

Marahaba. Mguu unapona.

Bwana Mifugo alikuja juzi na karani wake, wakasimama hapa kitandani. Akaniuliza kama ni kweli, au ni mtoto tu aliyekosea kuhesabu. Alisema hivyo mara mbili. Nafikiri hakutaka usumbufu wa kutafuta jumbe mwingine. Karani akaanza kufunga kalamu yake.

Nikamwambia ndiyo, mtoto amekosea. Si kumi na wanane, ni ishirini. Wengine wawili wanalala Unyambwa kwa Ezekieli. Karani akafuta, akaandika upya. Kwa hiyo tutatoa watano.

Cheo cha jumbe wamekichukua. Leonidas anaanza mwezi huu. Akianza kuwachapa watu utakumbuka nilichokuambia, nami nitakumbuka ulichofanya, na sijui nani kati yetu atakuwa na haki. Bado nina hasira nawe. Hutakwenda Mwankoko.

Simeoni atachagua watano wa mnadani. Wenye maziwa wasiguswe. Hao uwapeleke kwa Felista. Uwapeleke wewe, siyo Simeoni, na uwapeleke mchana, wanawake wakiwa kisimani, kila mtu aone. Mwambie ni wa Naftali, na Naftali ndiye anayesema walale kwake.

Atakataa. Kaa hapo langoni. Akikutukana, mwache amalize, halafu umwombe tena.

Baba yako,
Naftali