Gari Tulilolisukuma Mikindani

Mjukuu wangu Katana,

Sisi wazima, bibi yako anakusalimu, na muhogo umekubali mwaka huu.

Unauliza magari ya ujana wangu yalilishinda nini hilo lako linalowaka kwa kubonyeza kidole. Hayakulishinda chochote! Anayeyasifu ni mwongo.

Miaka ya sabini, bibi yako alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari la jirani likagoma. Mtaa mzima tukalisukuma. Lilipowaka, dereva aliogopa kusimama lisije likazima tena, akaniacha barabarani.

“Baba mtoto, umeachwa!” wakanicheka. Kisha wakafuatana nami kwa miguu hadi hospitali. Tulimkuta mama yako keshazaliwa.

Waliosukuma nawashukuru hadi leo. Gari lile, hapana.

Babu yako