Karatasi ya Koti la Kikombe

Ghorofa ya kwanza,
juu ya duka la miwani.
Jumanne, tarehe 6 Mei.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Jumapili ya tarehe 9 Machi, kati ya saa nane na saa tisa mchana, karatasi yangu ngumu ya kukatia koti la kikombe iliondoka mezani kwangu, na hadi leo haijarudi. Unisamehe kutanguliza hilo kabla ya kukujulia hali. Nimelala nalo siku nyingi mno, lingenitoka tu katikati ya salamu.

Sasa hali. Goti lako linaendeleaje? Ile ngazi ya kwenu bado unaipanda, au mmehamia chini kama daktari alivyotaka? Mkazamjomba na binamu zangu hawajambo? Sisi huku wazima. Presha ya mama imetulia, ila chumvi bado anaila kwa kuiba. Bibi macho yanamsumbua, lakini ulimi ni ule ule. Juzi alimpigia mama simu kumwambia mapindo ya mapazia yetu yamepinda, na mapazia yenyewe hajayaona tangu mwaka jana.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu, ukikutana na swali gumu, mtandao wako huanza kukatika.

Nikukumbushe ile karatasi ilikuwa nini, maana ulipokuja ulikuwa na haraka. Unamjua Mama Chai, yule anayeuza chini ya ngazi ya karakana yangu. Wateja wake walikuwa wanashika vikombe vya karatasi kwa ncha za vidole kama wanaokota kaa la moto, wengine wanavifunga leso. Msimu wa joto, mimi mwenyewe naweka chupa ya maji baridi mezani, inatoa jasho, maji yanatiririka hadi kwenye kitambaa cha mteja. Sare mbili za wauguzi ziliniharibikia hivyo. Nikasema lazima kuwe na koti moja: likivishwa kikombe lizuie moto usifike mkononi, likivishwa chupa lizuie baridi isitoroke na jasho lisimwagike.

Nilianza na blanketi la sufu. Kwa chai lilifanya kazi, kwa chupa likanywa maji likawa tambara la jikoni. Nikajaribu sponji la godoro, hilo ndilo lililokunywa zaidi. Mwisho nikakata mkeka wangu wa mazoezi, ule mama aliosema nimeununua kwa mbwembwe, kwa kuwa sponji lake la milimita tatu halinywi maji. Nje nikaweka jinzi, ndani kitambaa laini kisichoshika maji. Koti la kwanza liliteleza likaishia kwenye kitako cha kikombe kama soksi isiyo na lastiki, maana kikombe juu ni kipana na chini ni chembamba. Ndipo nikajua mkato hauwezi kuwa mstatili, lazima uwe upinde.

Nilishona arobaini na moja. Kila moja nililipima kwa kipimajoto, na Mama Chai ndiye aliyekuwa anaangalia saa. Chai ya nyuzi themanini na nane, baada ya dakika ishirini na tano, kikombe kisicho na koti kilikuwa kimeshuka hadi hamsini na nne. Chenye koti la arobaini na moja kilibaki sitini na tisa. Chupa iliyotoka kwenye friji ikiwa na nyuzi nne, baada ya saa nzima ilikuwa kumi na moja. Mwenzake asiye na koti, kumi na nane. Vipimo vyote hivyo niliviandika kwa penseli mgongoni mwa ile karatasi, na tarehe zake. Nakala sikuwa nayo. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Ulikaa nasi siku nne. Ulilishika koti, ukalivisha chupa yako, ukasema, "Mpwa wangu, hii kitu ni kubwa, wewe hujui tu." Nikafurahi. Ulipoondoka karatasi haikuwepo, na wallahi, Mjomba, hukunijia akilini hata kidogo.

Aliyenijia akilini ni Mama Chai. Yeye ndiye aliyejua thamani yake, na Jumapili ile alipanda juu kuchukua birika. Kesho yake nilimuuliza mbele ya wateja wake, kwa sauti ambayo sitaki hata kuikumbuka. Alinimiminia chai niliyokuwa nimeshaagiza, akasema, "Hiyo ya mwisho, kunywa," na tangu siku hiyo nikawa napanda ngazi nikiangalia ukuta.

Kisha tarehe 30 Aprili ukanitumia picha. Rundo la makoti ya vikombe kwenye sakafu ya kiwanda, na ujumbe wako chini yake: "Mwanangu, karatasi yako imenitia aibu mbele ya watu. Elfu mbili na mia nne, na hakuna hata moja inayoingia. Ulikosea wapi?"

Nilikosea wapi mimi! Kwenye pembe ya picha, juu ya meza ya mkataji, karatasi yangu imelala na duara la chai lile lile nililoliweka mwenyewe kwa kikombe cha koti la kumi na saba.

Siku hiyo hiyo nilishuka chini kwa Mama Chai na simu mkononi. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mwizi ni mjomba wako, na mimi nimenuniwa wiki saba bure?"

"Wiki saba na siku mbili," nikamwambia.

"Mpaka msamaha unauomba kwa hesabu! Kaa hapo." Akanipa kikombe kisicho na koti, makusudi, cha moto kweli kweli, akasimama ananiangalia nikikihamisha kutoka mkono huu kwenda ule mpaka kikaisha. Tumepatana. Lakini nilimvunjia heshima mtu kwa sababu yako, na hilo wewe hukulijua, ndiyo maana nakuandikia ulijue.

Sasa nikujibu swali lako. Karatasi haina kosa. Imechorwa kama Bibi anavyochora: mstari mtupu, bila nafasi ya mshono na bila unene wa kitambaa. Hivyo vyote vinakaa kichwani mwa fundi. Wewe umekulia chini ya meza yake ya kukatia, Mjomba. Wewe ndiye unayesimulia vizuri kuliko wote ile hadithi ya fundi wa jirani aliyemwibia Bibi karatasi ya sare za shule, watoto wakashindwa kuinua mikono darasani, mwalimu akadhani wamegoma. Kila tukikusanyika unaisimulia, unasimama, unaonyesha mikono ilivyobana, watu wanakufa kwa kicheko. Halafu ukaibeba karatasi ya mjukuu wa Bibi huyo huyo ukampa mkataji, naye akakata juu ya mstari. Mshono umekula milimita tisa kila upande, unene wa sponji ukala karibu sentimita mbili. Jumla umepungukiwa sentimita tatu na nukta saba. Ndiyo maana hayaingii.

Tungecheka wote yaishe, kama si ule ujumbe wa pili. Kwamba umeshapeleka fomu ya kusajili umbo la koti, na kwa kuwa fomu ina nafasi ya jina moja la mbunifu, umeweka lako, "kwa niaba ya familia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa." Mjomba, ukubwa wako siupingi, nakuamkia na nitaendelea kukuamkia. Lakini familia haikushona makoti arobaini na moja. Mkubwa hakuunguza kidole. Fomu haikuuliza nani mkubwa, iliuliza nani amebuni.

Mama anasema nikuachie, kaka yake ni mmoja tu. Nimemjibu kwamba na mimi nina mjomba mmoja tu, ndiyo maana sitaki kumpoteza kwa kunyamaza.

Nimepiga simu mwenyewe kwenye ofisi ya usajili ya huko kwenu. Dada wa mapokezi, mpole sana, ameniambia jina la mbunifu hurekebishwa bila ugomvi iwapo aliyepeleka fomu ataomba mwenyewe kwa barua, na mwisho wa kuomba ni Ijumaa ya tarehe 30 Mei, saa sita mchana. Baada ya hapo ni mapingamizi na ushahidi. Ushahidi uko mgongoni mwa karatasi unayoishikilia, kwa mwandiko wangu.

Makoti yako si ya kutupa. Nimekata sita yenye upungufu kama wako, nikayafumua mshono, nikaweka kati ukanda wa lastiki. Yanaingia. Tena yanabana kikombe na chupa sawasawa, kuliko langu la arobaini na moja, ambalo kwenye chupa hubaki na ulegevu juu. Kosa lako limenipa koti bora kuliko langu, na sijui kwa nini hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Upana wa lastiki na mahali pa kuikata ninavijua. Sijaviandika popote. Siku utakayonionyesha barua yenye muhuri wa ile ofisi, nitakutumia jioni hiyo hiyo, na elfu mbili na mia nne zako zitaokoka.

Msalimie sana mkazamjomba. Mwambie kitenge alichoniachia nimeshakishona, kimebaki kitufe. Wasalimie binamu zangu wote wawili, na yule mdogo umwambie mtihani usimkoseshe usingizi. Mama anakusalimu na anakuuliza kuhusu goti. Mama Chai naye anakusalimu. Maneno yake kamili siyaandiki. Mungu akuponye goti hilo na akujalie moyo mwepesi unapoisoma barua hii.

Bibi bado sijamwambia. Anakuja kukaa nasi Jumamosi ya tarehe 31 Mei, na jambo la kwanza akifika huwa ni kupapasa meza yangu ya kukatia, karatasi moja baada ya nyingine. Ataiuliza. Sijawahi kumdanganya, na sitaanza na hili.

Kwa hiyo, Mjomba, sitaki maelezo wala "tutaongea." Jina la mbunifu kwenye fomu litakuwa langu: ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 30.

Mpwa wako, anayekupenda bado,
Fundi wa juu ya duka la miwani