Kibanda Kisicho na Mlango

Zuhura, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Sisi wazima. Mama yako kajifungua salama, mtoto wa kiume. Macho yangu hayaoni tena. Anayeniandikia ni kaka yako.

Unasema huko chuo cha uuguzi umefaulu masomo, ila yuko mgonjwa anayegeukia ukutani kila ukimkaribia. Unauliza umekosea wapi. Sijui, mwanangu. Nitakueleza nilipokosea mimi.

Nilikuwa kigori, Wadachi hawajatawala bado, najifunza ukunga kwa Bi Mwanaheri. Tuliitwa kwa mke wa mpagazi aliyekuja na msafara wa pembe za ndovu. Alikuwa mjamzito, amelala katika kibanda cha makuti kisicho na mlango. Nikaingia moja kwa moja, nikamshika tumbo. Akajikunja, akafumba macho.

Bi Mwanaheri alibaki nje. "Toka," akaniambia. "Piga hodi."

"Bibi, mlango wenyewe uko wapi?"

"Mtu si yumo?"

Nikatoka na haya zangu. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, kimya. Nikapiga ya tatu, kisha nikageuka niondoke, kama ilivyo ada yetu. Ndipo sauti ndogo ikasema, "Karibu."

Nikaingia. Yeye mwenyewe akaushika mkono wangu, akauweka panapouma.

Siku hizi watu huingia chumbani kwangu, wakanigeuza, wakanifunika, nisijue ni nani. Ukija likizo, mlango utaukuta wazi. Piga hodi vilevile. Nataka nikukaribishe.

Bibi yako,
Mwanaisha