Abeli na bibi wa Peru

Yuster weee, acha unachofanya unisome. Abeli ameniaibisha leo mbele ya wazazi!

Kaja hapa Nyamiaga kujitambulisha, kanyoa vizuri, shikamoo kwa kila mtu. Nikasema Mungu ni mkubwa.

Baba akamuuliza tu, "Kijana, kazi yako hasa ni nini?"

Si angesema anafundisha chuo yakaisha? Wapi! Katoa simu, kaanza kuwaonyesha picha za Peru, kule alikokwenda kuchimbua mabaki ya watu walioishi kabla ya Wazungu kufika. Akafika kwenye maiti iliyokauka, imekunja magoti, nywele bado zipo. Akasema kwa fahari, "Huyu bibi nilimtoa kaburini kwa mikono yangu."

Kwa mikono yangu, Yuster! Mikono hiyohiyo iliyokuwa kwenye sinia la ndizi pamoja na mama!

Mama akaacha kula. Baba akauliza taratibu, "Ndugu zake walikuruhusu?"

"Hawapo, mzee. Walishakufa wote."

"Kwa hiyo na sisi unasubiri tufe wote?"

Unajua alijibu nini? "Hapana mzee, lazima kwanza ipite miaka mia kadhaa." Mia kadhaa! Eti anamtuliza!

Baba kasema posa isubiri, kwanza aongee na wajomba. Mimi nipo jikoni nimejiziba mdomo kwa kanga, sijui nacheka au nalia, maana mjinga huyu nampenda.

Sasa hivi kanitumia ujumbe, yuko kwenye gari anarudi Biharamulo: "Wazee wameipenda sana kazi yangu. Nikija tena nitawaonyesha mafuvu."