Miche Kumi na Minne ya Bibi Noreen

We Chura wangu,

Hujambo huko machimboni? Vumbi jekundu limekuachia mapafu? Mama analalamika hupokei simu, nikamwambia Chura hafi kwa vumbi, atakufa kwa ubishi. Sisi wazima. Mvua imepiga siku tisa mfululizo, ruba wanapanda mpaka kwenye soksi, na ule mti wa plamu za msituni uliosema ni kuni tu umezaa mpaka Mama amechoka kupika jemu. Ningekupigia, lakini nikisikia sauti yako nitadanganya. Kwa hiyo soma.

Unamkumbuka Bibi Noreen wa ng'ambo ya kijito, yule uliyekuwa unamkimbia? Tangu uondoke ndiye mwalimu wangu. Shule na mimi tulishindwana, unajua, lakini majina ya miti ninayo yote, kwa sababu kila nikikosea alinichapa kijiti vidoleni. Nyuma ya nyumba ana kitalu cha wavu, na ndani mlikuwa na miche kumi na minne ya mpera wa msituni. Usicheke, si mapera ya dukani! Ni mti wa kwetu hasa, wa msitu wa mvua, na unaisha. Kuna kutu ya manjano, yaani ukungu wa majani, iliyotoka ng'ambo, inatua kwenye majani machanga kama unga wa bizari. Mti unachipua, kutu inakula. Unachipua tena, inakula tena. Mwisho mti unachoka. Miche ile Bibi aliiotesha kwa vipandikizi vya mti mmoja wa kule bondeni, na mti wenyewe ulishakauka. Ukoo wote ule ulikuwa umebaki kwenye vyungu vyake. Miaka sita alivilea.

Ndiyo maana kuingia kitaluni ilikuwa kama kuingia chumba cha upasuaji. Kofia unaiacha getini. Shati unavua, unavaa koti jeupe la pale mlangoni. Viatu unavipulizia spiriti. Aliyekuwa akibisha ni mmoja tu, Mzee Lindsay, jirani yake, mwenzetu wa kikundi cha bustani. Kila mara alimuuliza Bibi kama anataka avue na suruali, basi aseme tu mpenzi, asizunguke. Bibi naye akamjibu abaki nayo, kilichomo humo hata kutu haikitaki. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Basi mwezi uliopita kutu ikaonekana kwenye chungu cha tatu kutoka mlangoni. Baada ya siku nne vyungu vyote vilikuwa vya manjano. Kikundi kikaja, kikahesabu siku, macho yote kwa Lindsay: siku kumi na mbili nyuma aliingia kutengeneza bomba akiwa na kofia yake kichwani, na ua wake wa mizambarau ya kienyeji hupata kutu kila mwaka. Wakamwambia wazi, wewe mzee umetuulia miche. Akaenda kwake akaukata ule ua wote kwa msumeno, siku mbili nzima, ua aliopanda marehemu mkewe. Kisha akaja getini kuomba radhi, kofia mkononi. Bibi akanituma nikamwambie hayupo. Na alikuwa amesimama dirishani, Chura. Lindsay alimwona. Akasema haya, mwambie nilipita.

Miche tuliitia kwenye mifuko myeusi ya plastiki, tukaianika juani kutu ife humo humo. Vidole vya Bibi haviwezi tena kufunga fundo, nikafunga yote mimi. Alinisihi nikaze.

Sasa kaa chini.

Siku moja kabla Lindsay hajaingia na kofia yake, nilishuka bondeni peke yangu. Ule mti tuliosema umekufa ulikuwa umetoa chipukizi moja kwenye mzizi, refu kama kidole! Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Nikalivunja, nikalitia ndani ya kofia yangu, nikapanda mlima mbio. Bibi alikuwa mjini kwa daktari wa macho. Nilitaka akirudi alikute, basi nikaingia kitaluni na matope, na shati, na kofia, nikaliweka kwenye chupa ya maji katikati ya vyungu. Nikasimama kulitazama. Ndipo nikaona chini ya jani nukta ya manjano, ndogo kama punje ya haradali.

Nikalichoma jikoni. Nikaosha chupa. Nikajiambia ni nukta moja tu, na siku zikapita nikiwa nimenyamaza. Tangu hapo nimerudi bondeni mara mbili, mzizi haujachipua tena.

Jumamosi saa nne kikundi kinakaa kumfukuza Lindsay. Bibi anataka nisimame mimi nieleze alivyovunja masharti, kwa kuwa ninayajua kuliko wote. Ameshanipa ufunguo wa kitalu. Anasema mikono aliyobaki akiiamini ni hii yangu. Moyo wake si mzima, na mtu wa kumpikia ni mimi. Lindsay naye hatoki kwake. Leo asubuhi nilimkuta kwenye ngazi yake anatazama visiki vya ule ua, akaniuliza kama Bibi anakula vizuri, kisha akanishukuru eti kwa kuwa mimi sijamtukana.

Mama anakusalimu, anasema ule mboga. Mbwa anakusalimu pia, amezeeka. Wasalimie wenzako wa zamu.

Nijibu kabla ya Jumamosi, Chura, hata neno moja. Ungekuwa wewe, ukaitwa jina, Bibi na Lindsay wote wawili wanakutazama, ungesemaje?

Mdogo wako,
Keely